Majina kwanza, skana baadaye

Swali: Mimi ni katibu wa chama cha historia cha mji mdogo. Tuko 14, wengi wetu wastaafu, na tumepewa chumba kimoja cha kutunzia vitu. Tangu habari zienee, watu wanatuletea masanduku: picha, barua, madaftari ya mikutano, magazeti ya zamani, kanda za kaseti. Sasa tumegawanyika. Upande mmoja unataka tununue skana, tupige kila kitu, kisha karatasi zitupwe maana chumba kimejaa. Upande wa pili unataka tufungue makumbusho. Fedha hazitoshi yote mawili. Tuanze na lipi?

Jibu:

Ndugu Katibu, msianze na lolote kati ya hayo mawili. Skana itasubiri na makumbusho yatasubiri. Kinachowaponyoka kila mwezi mkiwa bado mnajadiliana ni majina.

Niliwahi kukaa mezani na mama mmoja mzee, mbele yetu picha ya harusi yenye watu zaidi ya 30. Nyuma ya picha paliandikwa maneno matatu tu: “Harusi ya Shangazi.” Shangazi wa nani? Harusi ya mwaka gani? Yule mama hakuanza na maharusi. Aliweka kidole ukingoni kulia, aliposimama mwanamke aliyekatwa nusu na fremu, mkono mmoja ameshika beseni. Akamtaja kwa jina. Akaniambia ndiye aliyewalea watoto wote wa nyumba ile, na kwamba mpiga picha alimwambia asogee, naye akasogea nusu tu kwa sababu alitaka kuwemo. Niliandika kila neno. Miezi minne baadaye mama yule alifariki. Karatasi za familia ile zilijaza masanduku sita, na katika masanduku yote sita jina la mwanamke mwenye beseni halimo. Limo kwenye ile bahasha niliyoandika siku ile, basi.

Skana ingeichukua picha ile vizuri kabisa, hadi mikunjo ya nguo. Jina isingelipata.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni vikao, tena vidogo. Msiwaite wazee wote ukumbini siku moja, kwa sababu mwenye sauti kubwa ndiye atakayejibu na wengine wataitikia. Kaeni na mtu mmoja au wawili, picha zisizozidi 20 kwa kikao, na saa moja na nusu ikifika fungeni. Ukipitiliza hapo mtu huanza kubahatisha ili asikuvunje moyo. Ombeni ruhusa kwanza, kisha muwashe kinasa sauti, hata cha simu. Usimuulize “Huyu si fulani?” maana atakubali kwa adabu tu. Muulize anaona nini, kisha unyamaze. Mara nyingi jibu lenye thamani huja baada ya kimya, tena halihusu watu bali mahali: kisima kilikuwa hapa, huu mti ulikatwa mwaka wa mafuriko, mlango huu ulikuwa wa wageni.

Pamoja na jina, andikeni nani kalisema na tarehe gani. Wakitofautiana, andikeni yote mawili. Chama hakina haraka ya kumpa mmoja ushindi, na miaka kumi baadaye barua fulani inaweza kuwaonyesha nani alikumbuka sawasawa. Kwa picha yenye watu wengi, weka juu yake karatasi nyepesi inayoonyesha, fuata mihtasari ya vichwa kwa mkono mwepesi sana, upe kila kichwa namba. “Wa tatu kutoka kushoto” ni maelezo mabaya. Mstari wa nyuma ukiwa umepinda, kila mtu anahesabu kivyake.

Jina liandikwe wapi? Picha za zamani za karatasi ya kawaida hupokea penseli laini, ukiandika taratibu pembezoni kwa nyuma, picha ikiwa imelala juu ya kitu kigumu na safi. Picha nyingi za rangi za kuanzia miaka ya 1970 zina tabaka la plastiki nyuma na penseli huteleza. Hizo andikeni kwenye bahasha, kabla picha haijaingia ndani, ili mkandamizo wa penseli usiiumize. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo kabisa.

Baada ya majina, daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hiyo ni kanuni ya kwanza ya kila hifadhi ya nyaraka duniani hata pasipojulikana Kiswahili. Nunueni daftari moja kubwa lenye jalada gumu na kurasa zilizoshonwa, si za kubandua. Kila mzigo unaoingia upate mstari wake siku hiyohiyo: tarehe, aliyeuleta, uliwahi kuwa wa nani, una nini kwa ufupi, umetolewa moja kwa moja au umeazimwa. Namba iwe rahisi: mwaka, mzigo wa ngapi mwaka huo, kitu cha ngapi ndani ya mzigo. Yaani 2024/7/31 ni kitu cha 31 katika mzigo wa saba ulioingia 2024. Mkiwa na kompyuta, nakilini huko pia, lakini daftari liendelee. Nimeona kompyuta ya chama ikiharibika na masanduku yakabaki kama mizigo isiyo na mwenyewe.

Pamoja na daftari kuwe na hati ya makabidhiano, ukurasa mmoja, iliyosainiwa na pande zote mbili. Msione haya kuidai kwa kuwa anayeleta ni mtu mnayefahamiana. Ni hao hasa ambao watoto wao watakuja kudai. Hati iseme kama kitu kimekuwa mali ya chama, kama mnaruhusiwa kukinakili na kukionyesha, na kifanyweje chama kikivunjika. Hapa kuna jambo ambalo vyama vingi hulisahau: kumiliki karatasi ya picha si kumiliki haki ya kuichapisha. Kwa kawaida haki hiyo ni ya mpiga picha au warithi wake, na muda wake hutofautiana nchi hadi nchi, hivyo ulizeni sheria ya kwenu kabla ya kuchapa kalenda. Vitu vya kuazima vipewe tarehe ya kurudishwa, isiyozidi mwaka. Na jifunzeni kukataa. Andikeni ukurasa mmoja wa kueleza chama kinakusanya nini na nini hakikusanyi, ili mtu akileta cherehani ya nne katibu aoneshe ukurasa huo badala ya kubishana naye.

Sasa nije kwenye kosa ambalo nililifanya mwenyewe nikiwa mgeni kwenye kazi hii, na ambalo naona mko karibu kulifanya mkianza kupanga masanduku hayo. Niliwahi kupokea kasha la barua za mfanyabiashara mmoja. Zilikuwa katika mabunda yaliyofungwa kwa tepe za rangi mbalimbali, barua na risiti na ramani zimechanganyika ovyo, nilivyodhani mimi. Nikayafungua yote. Nikapanga kwa mada: biashara hapa, shule hapa, ibada hapa, familia hapa. Kazi ya wiki mbili, na ilipendeza. Mwaka uliofuata akaja mjukuu wake akaniuliza kuhusu bunda la tepe ya bluu, lile ambalo babu alilikusanya kwa ajili ya kesi ya shamba. Kila karatasi ya bunda lile ilikuwepo chumbani mwangu, na hakuna aliyeweza kulirudisha tena. Lile “ovyo” lilikuwa hoja ya mtu, karatasi kwa karatasi, na mimi niliivunja kwa nia njema.

Watunza nyaraka waliigundua hatari hii zamani. Mwaka 1841 Ufaransa ilitoa waraka ulioagiza kwamba karatasi za ofisi moja au familia moja zikae pamoja, zisichanganywe na za wengine hata kama zinazungumzia jambo lilelile. Mwaka 1898 Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, wakachapisha mwongozo uliolikaza jambo hilo: mpangilio wa asili, ule uliotokana na shughuli za mwenye karatasi mwenyewe, uheshimiwe. Kwenu maana yake ni nyepesi. Sanduku likija, lipigeni picha kabla ya kugusa kitu, toeni vitu kwa mfuatano wake, vipeni namba kwa mfuatano huohuo. Mtu akitaka kujua habari za shule, atazipata kwa faharasa yenu, si kwa kuzihamisha karatasi. Albamu ndiyo kabisa isivunjwe: aliyebandika picha ya mama yake mkabala na ya askari fulani alikuwa anasema kitu.

Kuhusu chumba nitakwenda haraka, maana mengi ni ya akili ya kawaida. Adui mkubwa ni unyevu. Nunueni kipima unyevu na muandike kinachosoma kila asubuhi. Kikizidi asilimia 65 kwa siku kadhaa, tarajieni ukungu. Hewa ipite, rafu ziachane na ukuta wa nje, na sanduku la chini kabisa liwe juu ya sakafu kwa angalau sentimita 10. Pasiwepo bomba la maji juu ya rafu. Mzigo mpya ukae wiki kadhaa mbali na mingine hadi muwe na hakika hauna wadudu. Karatasi zenye wadudu zifungwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kuwekwa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha zirudie joto la kawaida mfuko ukiwa bado umefungwa. Toeni pini, vibanio na mipira ya kufungia, kwa sababu chuma hushika kutu na mpira hunata. Magazeti yatengwe. Karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa massa ya mbao, yaani rojo la mbao zilizosagwa, njia iliyoenea kuanzia katikati ya karne ya 19, na asidi iliyomo huigeuza ya kahawia na kuichafua jirani yake. Ndiyo maana barua ya mwaka 1750 huweza kuwa nyeupe kuliko gazeti la 1950. Glavu za pamba kwa karatasi hazihitajiki, mikono iliyooshwa na kukaushwa ni salama zaidi kwa sababu inahisi karatasi inapotaka kuchanika. Glavu mziweke kwa ajili ya picha na negativu.

Na tafadhali, mtu asitie hati kwenye mashine ya kuifunika plastiki, wala asizibe mchaniko kwa selotepu. Hayo mawili yameharibu hati nyingi za familia, kwa mikono ya watu waliozipenda. Gundi ya selotepu huingia ndani ya karatasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka, na plastiki iliyobandikwa kwa joto haibanduki tena.

Maji yakiingia, mna saa 48 hivi kabla ukungu haujaanza. Zisizoweza kukaushwa kwa feni katika muda huo zigandishwe kwenye friza, mpate nafasi ya kupumua. Florence ilipofurika tarehe 4 Novemba 1966, vijana kutoka nchi nyingi walipanga mistari na kupokezana vitabu vilivyojaa tope kutoka kwenye maktaba, na Waitalia wakawaita malaika wa matope. Kazi ya kuvitibu vitabu vile iliendelea kwa miongo. Sisemi mtafurika. Nasema andikeni leo nani ana ufunguo, nani ana friza kubwa, na masanduku yapi yatoke kwanza.

Kuna kundi moja katika orodha yako ambalo linashindana na majina kwa uharaka, nalo ni kanda. Karatasi ikitunzwa itakusubiri miaka 100. Kaseti haitasubiri. Zilianza kutolewa na Philips mwaka 1963, na za mwanzo zina umri wa mtu mzima mwenye wajukuu. Sumaku yake hudhoofika, utepe hunata, na mashine za kuzichezea zinapotea, pamoja na mafundi wanaojua kuzitengeneza. Mwaka 2019 UNESCO ilisaidia kutoa tahadhari ya kimataifa kuhusu jambo hilo, ikikadiria kwamba kufikia mwaka 2025 hivi kazi ya kuhamisha kanda kwa upana ingekuwa imekuwa ngumu mno. Mkipata deki nzuri, kwanza vunjeni vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili hakuna atakayerekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ipelekeni mbele hadi mwisho na kuirudisha nyuma taratibu kabla ya kuicheza. Kisha iingizwe kwenye kompyuta kwa mfumo wa WAV, biti 24, unaotunza sauti yote, si MP3 inayoipunguza. Nakala ndogo ya kusikiliza mtaitoa kwenye hiyo kubwa.

Na kama kwenye masanduku mna filamu au negativu, zinuseni. Harufu ya siki maana yake plastiki yake inaoza, na mvuke wake huiambukiza jirani, kwa hiyo zitengwe siku hiyohiyo na zitangulie kunakiliwa. Filamu za kabla ya mwanzo wa miaka ya 1950 zinaweza kuwa za naitreti, aina ya plastiki ya zamani, ambazo hushika moto upesi na, zikishaanza, huendelea kuwaka hata ndani ya maji kwa sababu hujitengenezea oksijeni zenyewe. Mkizishuku, zisilale chumbani. Wapigieni watu wa zimamoto au hifadhi ya taifa.

Sasa skana, na hili la kutupa karatasi. Nawaelewa wanaolitaka. Chumba kimejaa, na faili haliliwi na panya. Lakini faili ni kitu cha kulishwa kila mwaka: diski hufa, programu hubadilika, nywila husahaulika aliyeijua akifariki. Karatasi ukiiacha mahali pakavu inajitunza. Tena picha ya skana hubeba kile tu mtu aliyeipiga alidhani ni muhimu. Alama ya kiwanda iliyomo ndani ya karatasi, ile inayoonekana ukiielekeza kwenye mwanga, mhuri hafifu nyuma, mkunjo unaoonyesha kwamba barua ilibebwa mfukoni kwa miaka, hivyo hubaki kwenye ile asili. Pigeni skana, naam, hati kwa dpi (nukta kwa kila inchi) 300 au 400 na picha kwa 600, mhifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora, na jina la faili liwe ileile namba ya daftari. Nakala ziwe tatu, angalau moja nje ya jengo. Kilichoungua Rio de Janeiro usiku wa tarehe 2 Septemba 2018, Makumbusho ya Taifa ya Brazil yenye vitu karibu milioni 20, kilijumuisha rekodi za sauti za lugha za wenyeji. Siku hizohizo wanafunzi wa fani ya makumbusho wakaomba watu wote waliowahi kutembelea watume picha walizopiga. Zilikuja nyingi, nazo zinasaidia, lakini fikiria mnyong’onyeo wa kuomba hivyo.

Kunakili kwa nia ya kuzidisha ni fikra ya zamani. Mwaka 1791, mwaka ambao chama cha kwanza cha historia cha Marekani kiliundwa Massachusetts, Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo, alimwandikia Ebenezer Hazard, aliyekuwa akikusanya hati za majimbo, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kiokolewe kwa kuongeza nakala badala ya kukifungia kwa kufuli mbali na macho ya watu. Kuongeza, Ndugu Katibu. Hakusema kubadilisha. Vya kuondoa vipo: magazeti ambayo maktaba kubwa inayo kamili, nakala tatu za tangazo moja, risiti zisizo na mwenyewe. Viondoeni kwa uamuzi wa kikao ulioandikwa kwenye daftari, na aliyevileta aulizwe kwanza kama anavitaka.

Kabla sijafika kwenye makumbusho, tazameni masanduku yenu muone yametoka nyumba zipi. Karibu kila chama nilichokitembelea kina karatasi za wenye nyumba kubwa, kwa sababu ndio waliokuwa na dari ya kuhifadhia masanduku na muda wa kuandika barua. Vibarua, wahamiaji, watumishi, wanawake waliouza sokoni miaka 40, hawakuacha masanduku. Hapo ndipo kinasa sauti kinapofanya kazi ambayo rafu haiwezi. Wafuateni walipo, msisubiri walete. Na mkimaliza mahojiano, mwacheni mtu aisikilize sauti yake na aseme kipi kifungwe hadi atakapofariki, nanyi mkitii.

Makumbusho anzeni nayo kwa meza moja. Siku ambayo mji una mkusanyiko wake, wekeni nakala kubwa za picha 10 ambazo hamjui watu wake, kila kichwa na namba, na karatasi tupu pembeni yenye namba zilezile na penseli iliyofungwa kwa uzi. Mwanachama mmoja akae hapo kutwa, asieleze chochote, asikilize. Jioni zikusanyeni karatasi zile zote, hata zenye mabishano, hata ile ambayo mtoto amechora gari. Andikeni tarehe juu ya kila moja, na asubuhi yake ziingie kwenye daftari, zikiwa na namba yake kama mzigo mwingine wowote.